Kabla Hujafuta Diski

Mjukuu wangu Zainabu,

Marahaba. Huku Mnyuzi tu wazima, ila mahindi yamekaukia shambani. Unauliza kama ufute diski yote, maana ile programu ya kuendeshea kompyuta, Linux, imegoma kuingia kwenye kompyuta ya nyumbani.

Enzi zile kompyuta za mitumba zilipoanza kufika Korogwe, yetu nayo iligoma hivyo hivyo. Nikafuta yote bila kumuuliza mtu. Linux ikaingia, nikafurahi.

Mama yangu akavuta kiti, akasema, "Nisomee majina ya wazee wetu."

Dada yangu alikuwa ameyaandika humo, akitajiwa na bibi yetu wa Kwamsisi, ambaye tulikuwa tumeshamzika.

Mama aliyakumbuka matano tu. Mpaka leo kwenye tambiko tunataja hayo matano, kisha tunanyamaza.

Babu yako