Sauti Yako Mlangoni kwa Mama

Karakana ya vyuma,
Nyuma ya soko la nafaka,
Jumapili.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nakupa kwa sababu mama alitufundisha kwamba salamu hainyimwi mtu. U hali gani huko kwenye baridi? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi tu wazima, isipokuwa mama, naye nitamfikia.

Binti yangu amemaliza chuo. Ana shahada yake safi, na anauza vocha pembeni ya karakana. Darasa lao zima linagombea nafasi mbili za ofisi moja, na kila mmoja ana mjomba wa kumpigia simu. Ambao wajomba zao hawakupokea ndio wanaokusikiliza wewe sasa.

Tuambiane ukweli. Wewe na huyo rafiki yako tunayemwita Mheshimiwa mlikaa dawati moja, mkavaa suti moja kwa zamu, mkala kwa mama huyu huyu. Kiti kilipopatikana kimoja, yeye akakaa, wewe ukapanda ndege. Siku hiyo ndipo ulipogundua kwamba maskini wapo. Mimi nina umaskini wangu tangu utotoni, mbona hukuniona? Ungekipata wewe, leo yeye ndiye angekuwa anawatetea wanyonge kwa simu. Wapiganapo tembo nyasi huumia, hilo tunalijua. Ila tembo hawajawahi kuziomba nyasi ziwasaidie kupigana.

Sikatai unayoyasema. Mheshimiwa kajenga ukuta mpaka jua linachelewa kufika kwa majirani, na huku kwetu maji yanatoka kwa bahati. Watu wana hasira, na ni haki yao. Wewe umeifanya hasira hiyo ngazi yako ya kupandia, na hilo ndilo linaloniudhi.

Ijumaa vijana walipita na spika juu ya pikapu, wakipiga ile sauti uliyowatumia: "Ndugu zangu, wametufungia mlango. Tuuvunje." Wakaenda kwa Mheshimiwa. Geti lake nililichomelea mimi, chuma kizito, halikutikisika. Basi wakarudi mtaani kwetu kwenye milango ya mbao. Walianza na mjane anayeuza unga, jirani yake mama. Hata kijiko hawakumwachia.

Mama alikuwa ndani. Nilishamwambia asimfungulie mtu, naye alinielewa. Lakini alisikia sauti yako nje. Akasema, "Kumbe mwanangu amerudi," akavuta komeo kwa mkono wake mwenyewe. Walimsukuma akaangukia mkono huo huo. Umevunjika.

Usidhani nimehamia upande wa pili. Mheshimiwa alikuja jana kumpa mama pole, kaja na wapiga picha. Nilimtoa na suti yake ile, nikiwa na nyundo mkononi.

Msalimie shemeji, uwabusu wanangu. Shangazi anakusalimu. Muuza unga hakusalimu. Mama anamwomba Mungu akulinde ugenini. Dua hiyo ni yake, mimi naifikisha tu.

Nimemwekea mlango wa chuma. Siku ukirudi, usiite. Gonga, kisha unyamaze, maana akiisikia sauti yako hafungui.

Ni mimi kaka yako,
nikupendaye bado, kwa shida.