Wanjiru Anarudi Mezani

Mama Njoroge,

Huu ni mwaka wa pili tangu tukulaze kaburini hapa Theta, na leo nina habari za mjukuu wetu Wanjiru, aliyepewa jina lako. Nakumbuka siku ulipombeba mara ya kwanza, ukaniambia nimepata bibi mwingine, nimtunze kuliko nilivyokutunza wewe.

Tulipokuzika aliacha kula. Chakula hakikukosekana. Ni ugonjwa, nami mwalimu mzima nikadhani ni maringo ya wasichana wa chuo. Alijiona mnene huku mifupa ya mabega ikimtoka. Mwanetu Njoroge, babake, akamleta kutoka Mwiki akae nami, ili awe karibu na kliniki ya Thika.

Muuguzi wa huko alimwuliza maswali mawili. La kwanza, anataka kubadilika kiasi gani. La pili, anaamini kiasi gani kwamba ataweza. Wanjiru akajibu kuwa anataka sana, ila haamini. Miezi yote nilikuwa nikimhubiria ili atake, kumbe kutaka alikuwa nako. Alichokosa ni ile imani, na hiyo haiji kwa mahubiri. Inakuja kijiko kwa kijiko.

Kisha nikakosea. Mashavu yalipoanza kujaa, nilimsalimu kwa furaha vile ulivyowasalimu wageni wako mlangoni: "Wanjiru, umenona!" Kwako hiyo ilikuwa sifa. Kwake... Alisukuma sahani, na kwa siku tatu hakutia kitu mdomoni ila chai. Nilimwomba msamaha. Akaniambia mimi babu yake, "Guka, wewe niulize tu kama nimelala vizuri."

Nakukumbuka sana wakati wa kupakua. Ulikuwa ukituzungumzia mvua, kuku, ugomvi wa kwaya, na watoto wakamaliza irio bila kujua. Najaribu kufanya hivyo, ingawa Wanjiru anasema hadithi zangu zinahitaji mapumziko katikati.

Jana alijipakulia mwenyewe. Akaongeza kijiko kimoja, akanitazama. "Sijui kama kesho nitaweza, Guka."

Nilikuwa na maelezo marefu tayari, unanijua. Nikayaacha, nikala naye.

Pumzika, mpenzi wangu. Nakuahidi kwamba juu ya mwili wake sitasema neno tena, na kila siku nitakaa mezani mpaka amalize, hata chai yangu ikipoa.

Baba Njoroge