Taa Uliyoichomoa kwenye Gari la Kassim

Fundi Hamisi,

Shikamoo. Nimezoea kukuamkia kabla sijashika spana, kwa hivyo naanza hapo hapo ingawa najua hutaitika. Ni adhuhuri. Salimu, mpwa wako, amekwenda msikitini na wenzake, nami nimebaki kulinda magari kama kawaida. Nimekaa juu ya gurudumu, nimeinuka, nimekaa tena. Tangu ufe siwezi kutulia mahali pamoja. Sababu ni gari la Kassim.

Unalikumbuka, lile lenye turbo analobebea maharusi. Alikuja hapa Ukunda akitaka lingurume. Alisema, "Nikiwa Kombani, watu wa Ukunda wajue bibi harusi yuaja." Wewe ukamjibu, "Nitakufungia bomba mpaka mkwe azibe masikio." Tulicheka sote. Mimi ndiye niliyelala chini ya gari nikakata masega, kile kichujio chenye vitundu kama sega la nyuki, kisha nikachomelea bomba pana kutoka kwenye turbo mpaka nyuma. Kazi ilikuwa safi. Hata wewe ulipitisha kidole kwenye mshono ukanyamaza, na kwako kunyamaza kulikuwa sifa.

Tukawasha. Taa ya injini ikawaka kwenye dashibodi.

Nilikuambia, Fundi. Nilisema hii si silensa ya nyuma tu. Tumefungua njia yote, turbo itasukuma hewa nyingi kuliko zamani, na kompyuta ya injini bado inagawa petroli kwa kipimo cha bomba la kwanza. Tumwite mtu wa kompyuta airekebishe kabla gari halijatoka. Ukanitazama mbele ya Kassim, mbele ya Salimu, mbele ya mama anayetuuzia mahamri, ukaniita kwa lile jina mnalotupa sisi tutokao bara, ukasema, "Bara, umeishia darasa la sita, leo wanifundisha kompyuta? Bomba ni bomba. Injini itazoea." Salimu akadakia, "Mpeni Bara miwani!" Watu wakacheka mpaka mama wa mahamri akaweka sinia chini. Wewe ukafungua dashibodi, ukachomoa globu ya ile taa, ukaitia mfukoni. Kassim alikuwa nje anapiga picha bomba lake. Hakuona.

Jioni ile nilinawa mikono nikaondoka bila kukuaga. Haijawahi kutokea kwa miaka minane. Asubuhi Salimu akanipigia simu, akasema umeswali alfajiri, ukaanguka, hukuinuka tena.

Nitakuambia ukweli. Kabla ya kulia nilikasirika. Nilisema moyoni, huyu mzee ameondoka ili asinijibu.

Kule Msambweni tulikuzika kabla ya adhuhuri. Nilisimama nyuma kidogo, mimi si wa dini yenu na sikujua mikono niiweke wapi. Ndugu yako mkubwa, Mzee Omari, akasimama kaburini akasema, "Kama yupo anayemdai ndugu yetu, au aliyedhulumiwa naye, atuone sisi familia." Watu wakatazama chini. Kassim alikuwepo, amevaa kanzu nyeupe, anakulilia kuliko wengi wetu. Hakujua kwamba ana haki kwako. Mimi nilijua. Nikafunga mdomo.

Ningesemaje? Wewe ndiye uliyeniokota kwenye mjengo wa hoteli kule Diani, nabeba mawe, mgongo umeisha, nauli ya kurudi Mwingi sina. Ukaniuliza, "Mikono hii yajua kitu kingine?" Nikasema hapana. Ukasema, "Basi njoo ijue." Kila Idi nilikula pilau kwako, na Mama Zuhura, mkeo, alinitilia kiazi kikubwa kwa makusudi, akisema, "Huyu Mutua yuko mbali na mamake." Wewe ndiye uliyenifundisha kuweka kiganja kwenye mdomo wa ekzosi nisikie pumzi ya injini. Nimeyajua magari kwa kiganja hiki.

Wiki iliyopita Kassim alirudi. Alikuwa anapanda mlima wa kwenda Kwale mjini na bibi harusi ndani, injini ikaanza kugonga, sauti kama changarawe ndani ya sufuria. Nguvu ikaisha. Bibi harusi akahamishiwa kwenye gari la wapiga picha, shela imebanwa na mlango. Kassim hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililonichoma. Alisema tu, "Marehemu alisema itazoea. Yazoea lini?"

Nikamvuta Salimu pembeni nikamwambia lazima tuseme. Akanishika shati. "Mjomba bado hajafikisha arobaini, na wewe wataka kumvua nguo? Wewe mtu wa kuja, aliyekupa kula ni nani?" Nikaelewa nilipo. Nikinyamaza, injini inakufa, na Kassim hana kazi nyingine. Nikisema, mimi Bara ndiye nimemchafua marehemu, na hapa gereji sina tena pa kutundika ovaroli yangu.

Siku mbili nilimwambia Kassim asiliendeshe, tunasubiri spea. Uongo. Nilifanya kazi za watu vibaya, nikafunga nati moja nikaifungua mara nne. Siku ya tatu nikaenda Msambweni kwa Mzee Omari. Nilimkuta na Mama Zuhura barazani. Nikamwambia yote, bomba, taa, na kwamba nilikata kwa mkono wangu nikijua. Nilitaka sana kusikia kwamba jioni ile ulinitaja. Nilimuuliza Mama Zuhura. Akafikiri, maskini, kwa nia njema kabisa, akasema, "Alikula, akasikiliza habari, akalala. Hakusema la gari."

Kisha akaingia ndani akatoka na globu. Aliikuta alipofua ovaroli yako. Nimewaza mpaka kichwa kinauma: uliiweka ili uirudishe? Au ni kwa sababu hukuwahi kutupa kitu, hata nati yenye kutu? Sijui, Fundi, na hakuna wa kunijibu.

Mzee Omari aliipokea globu, akaigeuza, akanitia mkononi. Akasema, "Hii ni haki ya mtu. Nilisimama kaburini kuuliza, na wewe ulikuwepo." Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi na wewe omba msamaha wako." Akampigia simu Salimu mwenyewe. Sikusikia walilosema, lakini tangu siku hiyo Salimu hanisemeshi ila kwa kazi.

Kassim nilimwambia mbele ya watu, pale pale gereji mliponicheka. Sikusema wewe peke yako. Nilisema sisi. Alinitukana, tusi refu la Kidigo, Salimu mwenyewe akatazama pembeni. Halafu akauliza, "Latengenezeka?"

Nikamwita Mwanaidi kutoka Mombasa, mtu wa kompyuta za magari, wa wale uliokuwa ukiwaita wapiga chapa. Nilirudisha globu kwanza, na taa ikawaka hapo hapo. Akachomeka waya wake, akatazama, akasema tungeendelea kidogo pistoni ingetoboka. Taa ile moja ilikuwa na mengi ya kusema, Fundi. Ilianza kwa kulalamikia masega tu, kisha ikaja kutaka kutuambia kwamba petroli haitoshi, na bila globu hakuna aliyeiona. Akaipunguzia turbo presha, akaongeza petroli, tukapanda mlima wa Kwale mara nne, mimi naendesha, yeye na kompyuta mapajani, Kassim nyuma anasoma dua. Mara ya nne haikugonga. Kassim hajanisamehe, lakini Jumamosi ana harusi Tiwi na gari linakwenda.

Kwa hivyo nisikilize, maana siku ile hukunisikiliza. Ulikosea. Nami nilikosea zaidi, kwa sababu wewe uliamini ulilosema, na mimi nilijua nikakata. Naomba radhi. Nakuahidi kwamba gari likija lenye turbo, linataka kufunguliwa njia yote, nitasema kabla sijalala chini yake, hata wakicheka, hata wakinifukuza.

Leo asubuhi amekuja mwalimu wa Msambweni na gari dogo, halina turbo, silensa ya nyuma imeoza. Amesikia kisa cha Kassim, ameingia hofu. Akaniuliza kama akifungiwa silensa mpya ni lazima pia amtafute mtu wa kompyuta. Nikamwambia hapana, hii ya nyuma tu injini haitahisi chochote, asidanganywe na mtu. Akaniuliza nani kaniambia. Nikamwambia ni fundi wangu, Hamisi, aliyesema bomba ni bomba, na kwa silensa ya nyuma hajakosea hata siku moja.

Wanarudi, nasikia viatu. Kwaheri, Fundi. Mungu akupokee vizuri.

Mutua