Mbuzi wa Kuvuta Kamba

Baba Rehema,

Mbuzi aliliwa. Naanza na hilo maana najua ndilo ungeuliza. Wenzako wa klabu ya jogging walimleta msibani kwako, wamevaa tisheti zao za njano, na mwenyekiti wao akaniambia bila haya, "Shemeji, marehemu alimpigania huyu." Akapikwa pilau. Wakala wao. Mimi sikuonja.

Mwanaume mzima, una duka la spea za magari pale mtaa wa Gerezani, watu wanakuheshimu, unakwenda kufa kwa kuvuta kamba kwenye bonanza, zawadi yenyewe mbuzi! Tena walikuweka mkiani mwa kamba kwa ajili ya kitambi, nawe ukajiona simba. Loo!

Daktari alikukataza mazoezi? Hakukukataza. Nilikuwepo, nimekaa ubavuni kwako. Alisema presha yako iko juu, tembea, anza taratibu, vizito viache, usibane pumzi, na dawa usiiache hata ukijisikia mzima. Ukaitikia "sawa, sawa" kama mtoto wa madrasa. Kufika nyumbani, vidonge ukavitupa kabatini. "Mimi sasa mwanamichezo, Mama Rehema. Mazoezi ndiyo dawa." Mwanamichezo! Ngazi za kwetu tu ulikuwa unapumzika katikati.

Siku ile umeng'ata meno, mishipa ya shingo imekutoka, yule mwenyekiti anapuliza filimbi na kukupigia kelele, "Usiachie, mzee, usiachie!" Hukuachia. Upande wenu ulishinda, nawe ulikuwa chini, kamba bado mkononi. Nina hasira na wewe, Baba Rehema. Mpaka leo nina hasira.

Sasa na mimi nimepimwa, presha ninayo. Wale wapuuzi wameniletea tisheti yenye picha yako, eti nikimbie nao kukuenzi. Ningeifanya tambara la kudekia, ila ina sura yako. Nimeikunja tu.

Mimi natembea. Nameza dawa, nashika njia ya Upanga asubuhi, mdogo mdogo. Daktari kasema niende mwendo wa kuweza kuongea. Nikiona maneno yanakatika, nipunguze. Haya, niongee na nani? Mwenzangu wa kutembea naye si ungekuwa wewe? Basi naongea na wewe. Nakusema njia nzima, madereva wa bajaji wananitazama kama mwehu.

Mungu akulaze pema, mbishi wangu. Nakuahidi nitakusema kila asubuhi, taratibu, bila kukata pumzi, mpaka nizeeke.

Mama Rehema