Kamba Ambayo Sikuivuta

Kasanga, ziwani

Shikamoo mama,

Huku mvua haikatiki na ziwa limechafuka. Unajua mimi na Deo tunazamia samaki wa mapambo wa kuuzwa Ulaya: mmoja chini, mwenzake mtumbwini ameshika kamba. Aliye chini huivuta kila baada ya muda, ijulikane yu mzima.

Jumatatu mamba alikuja kutulia mbele yangu, karibu hata nikayaona meno. Nikaganda, kamba sikuigusa. Deo akadhani nimezimia, akajitosa kuniokoa. Mamba akaniacha, akamfuata yeye. Hadi leo hatujampata.

Mkewe usimwambie, nitakuja kumwambia mimi. Jikinge na baridi ya Mwimbi, mama. Unga wako wa ulezi bado upo; jana nimesonga ugali wa watu wawili.

Mwanao, Pius