Injini Kubwa ya Morris

Jumanne, 14 Januari
Stesheni asubuhi kama kawaida. Treni ya Tabora imechelewa tena, mizigo imerundikana, kila mtu ananipigia kelele mimi karani. Mchana nikashuka Ujiji, Kasingirima, kwa Fundi Rajabu. Injini ya Morris, gari letu la zamani, imeshatoka. Imewekwa juu ya tairi nyuma ya nyumba yake. Ndogo! Hiyo ndiyo tuliyoitegemea miaka yote. Imekwisha kabisa, inakunywa oili kama petroli. Rajabu hataki kuifufua. Anasema tuweke ile ya pikapu ya Toyota iliyopinduka Kidahwe. Kubwa, ina nguvu karibu mara mbili. Nimekubali palepale. Nina haraka.

Alhamisi, 16 Januari
Haraka yenyewe ni hii. Mama mkwe yuko kambi ya wakimbizi, upande wa Kasulu. Mke wangu Konsolata ni wa Makamba, Burundi. Tangu mapigano yafike kwao hatukujua kama mama yu hai. Juma lililopita mwanamke mmoja anayeuza mawese Mwandiga akaja nyumbani, akasema amemwona kwa macho yake. Yu hai. Miguu imevimba, hawezi kwenda mbali. Konsolata alitaka kupanda lori siku ileile. Nikamwambia asubiri, tutamfuata na gari letu, alale kiti cha nyuma, aje nyumbani kama mtu. Mgonjwa wa miguu humweki juu ya magunia. Akakubali. Sasa kila jioni swali ni moja: "Baba Neema, gari limefika wapi?"


Jumamosi, 18 Januari
Kutwa nzima kwa Rajabu. Tumeishusha injini kubwa kwa mnyororo. Haikai. Sampu, lile bakuli la oili chini yake, linagonga chuma cha usukani. Tukaipandisha. Tukaishusha tena kwa pembeni. Inagonga. Rajabu amefunga Ramadhani, midomo imemkauka, anapima upya tu. Mimi niliyekunywa chai ndiye niliyetukana. Nikaomba radhi. Amelikata bakuli, atalichomea upya liwe fupi kwenda chini na pana mbavuni. Petroli inanuka mikononi hadi kwenye ugali. Konsolata amekula kidogo sana.

Jumatatu, 20 Januari
Leo kwa Rajabu wamekata sakafu ya gari. Morris gia zake zilikuwa kwenye usukani. Gia boksi ya Toyota mkono wake unatokea chini, kati ya viti. Nimesimama nikaangalia msumeno ukipita kwenye gari ninaloliosha kila Jumapili tangu binti yetu Neema, aliye shule ya bweni, hajazaliwa. Nilijisikia vibaya, kama wanamkata mtu. Konsolata akatokea, mara ya kwanza kufika pale. Akainama, akatazama tundu. Mchanga wa uani unaonekana.
"Mmelitoboa," akasema. "Sasa litafika?"
"Litafika, shemeji," Rajabu akamjibu. "Litayapita hata malori."
Hakucheka. Akaondoka. Hakutaka nimsindikize.

Jumatano, 22 Januari
Mvua. Umeme umekatika mji mzima, hakuna kuchomea. Propela ya zamani, mhimili wa kuzungusha magurudumu ya nyuma, ni ndefu mno kwa gia boksi hii, lazima ikatwe iungwe upya. Bila umeme haiungiki. Nimekaa. Nimesimama. Nimekwenda hadi gatini kuangalia meli bila sababu, nimerudi. Watu wanaoshuka kutoka ng'ambo ya ziwa wamejaa pale na watoto na magodoro. Nikajikuta nachungulia nyuso zao. Namtafuta nani? Mama tunajua alipo.

Alhamisi, 23 Januari
Nimerudi kutoka kazini, Konsolata hayupo. Kitenge chake cha safari hakipo. Jirani akasema amemwona na kifurushi, akielekea Mwandiga. Nikaazima baiskeli. Nimekanyaga kwenye matope mpaka kifua kikaniuma. Nimemkuta kando ya barabara, amekaa juu ya kifurushi. Malori yote yamesimama. Njia imekatika mbele ya Kidahwe.
"Ungeniambia," nikasema.
"Ningekuambia lini? Wewe unajenga gari. Mimi nina mama."
Tumerudi kwa miguu, kifurushi kwenye keria ya baiskeli. Nina hasira na sijui ni ya nani. Tena naogopa. Angeondoka kweli.

Jumamosi, 25 Januari
Imewaka!
Propela iliungwa jana, leo asubuhi tumefunga waya na mabomba ya maji. Rajabu akapiga selfu, ikakohoa, ikakohoa, ikashika. Sauti nzito, si ya Morris. Mtaa mzima ukatoka. Nilitokwa machozi, nikasingizia moshi. Nimeiendesha hadi Kigoma mjini na kurudi. Inaruka. Ila breki ni zilezile za zamani na zinanitisha.
"Kupanda usihofu, mzee," Rajabu akaniambia. "Kushuka ndiyo uende polepole."
Njia ya Kidahwe imetengenezwa, malori yanapita. Tunaondoka kesho. Konsolata ametandika blanketi kiti cha nyuma, akalikunja, akalitandika upya.

Jumapili, 26 Januari
Tumeondoka kabla jua halijachomoza. Baada ya Kidahwe milima inaanza. Pale zamani nilikuwa nashuka hadi gia ya kwanza, nasimama, nafungua boneti. Leo gia ya tatu, tukayapita malori mawili. Konsolata alikuwa ameshika mlango kwa mikono miwili. Baadaye akaachia. Akaniambia, "Kumbe linaweza." Nilifurahi kama kijana. Rejeta ilichemka mara moja tu, tukaongeza maji ya kijito.

Kambi. Maturubai mpaka macho yanachoka. Tuliuliza, tukaelekezwa, tukauliza tena. Tukamkuta amekaa karibu na mahali malori ya wakimbizi wapya yanaposhushia watu. Amekonda, sikumtambua. Konsolata alimtambua kwa mgongo. Mama akasema "mwana wanje, mwana wanje", mwanangu, mwanangu, akimshika uso. Nilisimama mbali kidogo, ndivyo inavyompasa mkwe.

Ofisa wa kambi alikuwa mtu mwema. Alisema mama ni mgonjwa, ana mwanawe Kigoma, ruhusa ya kutoka atapata. Nikajua tumemaliza. Nikalisogeza gari, nikafungua mlango wa nyuma.

Mama alilipapasa blanketi. Akanishukuru. Akasema haendi.

Nestori, mdogo wake Konsolata, alipotezana na mama njiani usiku ule waliokimbia, yeye na watoto wake. Kila lori likishusha watu mama yuko pale, anatazama. "Akija asinikute atadhani nimekufa," akasema. Kirundi chake nakielewa, ni karibu na Kiha chetu. Nilitamani nisikielewe. Konsolata alimbembeleza. Nami nikajikaza nikambembeleza. Akatikisa kichwa tu, macho yako barabarani.

Konsolata akaenda garini akatoa kifurushi chake. Nilijua kabla hajasema.
"Nenda, Baba Neema. Kesho una kazi."
"Mpaka lini?"
"Sijui."
Nikasema chukua na blanketi. Akachukua.

Nimerudi peke yangu. Kwenye mteremko breki zilinuka kuungua. Gari jepesi, lina nguvu isiyo na kazi. Nalichukia.

Jumanne, 28 Januari
Rajabu alinifuata stesheni kuuliza lilivyopanda. Nikamwambia vizuri sana. Akauliza habari za mama mkwe. Nikamweleza. Akatazama reli. Akasema nilete gari atafute breki nzuri zaidi, hata za pikapu ileile. Nimesema nitaleta. Vijana wa mizigo wanataka niwashe injini waisikie. Nimekataa.

Jumapili, 2 Februari
Mvua ndogo tangu asubuhi. Sikuosha gari. Baada ya misa dereva wa lori la Kasulu akaja mlangoni, ana ujumbe wa mdomo. Konsolata ni mzima. Miguu ya mama imepungua uvimbe. Nestori bado. Konsolata amepewa kipande kidogo cha ardhi kando ya turubai, anaomba jembe na mbegu za maharage.

Hakuomba nguo. Maharage, nayo mpaka yavunwe ni miezi mitatu.

Nimepata mbegu kwa jirani, zile nyekundu anazozipenda. Niko mezani nazichambua, natoa zilizotobolewa na wadudu. Nzuri naziweka kwenye bakuli. Limeshajaa nusu.