Ladu Saba za Divali

Kau, 18 Oktoba 1956

Dada yangu Kanku,

Salamu nyingi, na mumeo mzee Mathura umfikishie zake. Mimi mzima, mgonjwa ni mume wangu. Tumbo la Shee limefura, usiku halali ila kwa kuketi. Daktari aliyepita Kipini kasema apasuliwe Mombasa kabla mvua haijafunga barabara. Ng'ombe wetu tumemuuza, na bado fedha za safari hazitoshi.

Sikuandikii kuomba, wallahi. Nguo ulizomletea mwaka jana alizirudisha, wamjua alivyo, hataki kusaidiwa na mtu. Nakwambia tu kwa kuwa tangu tukiwa watoto Lamu sina mwingine wa kumwambia.

Nduguyo,
Mwanasha

Garsen, 4 Novemba 1956

Mwanasha mdogo wangu,

Hujambo? Mgonjwa aendeleaje? Sisi wazima, ila mbu wa hapa wanataka kutumaliza.

Juzi ilikuwa Divali yetu. Niliwasha taa, nikamwomba Lakshmi, mungu wetu wa mali na neema, nikaweka mbele ya picha yake ladu, vile vidonge vyetu vitamu, nilizokanda mwenyewe. Saba nimempa Guracha, yule mchunga ng'ombe anayeshuka kwenu kwa mtumbwi, zimo ndani ya mkebe wa chai. Kuleni wewe na Shee tu, polepole, mzivunje kwa mkono. Usimgawie jirani hata kipande! Mara hii niache niwe mchoyo.

Dadako,
Kanku

Kau, 15 Novemba 1956

Dada Kanku,

Twamshukuru Mungu kwa kila hali, nanyi natumai hamjambo. Ladu zimefika. Tamu mno, tumekula mpaka makombo, Mungu akulipe! Shee azidi kukonda, sasa hata maji yamshinda. Habari ya Mombasa tumeiacha, njia hatuna.

Nduguyo,
Mwanasha

Garsen, 21 Novemba 1956

Mwanasha,

Salamu baadaye. Mlizila zote saba? Ulizivunja kwa mkono wako? Basi mbona mko Kau mpaka leo? Mvua imeanza, na lori la mwisho la Malindi, njia ya Mombasa, laondoka hapa Jumatatu. Mtie mumeo mtumbwini aje! Mimi cha kwangu sina tena, na duka ni la mzee, kufuli hanifungulii mimi. Usiniulize kitu, nakusihi. Nijibu tu: mlizila?

Dadako,
Kanku

Kau, 9 Januari 1957

Dada Kanku,

Natumai mu wazima. Barua yako imenifika jana, maji yalikuwa yamefunga kila mahali. Shee hatunaye. Alifariki tarehe tatu Desemba, tukamzika penye kiinuko, kwingine kote kulikuwa mto.

Sasa nikiri, maana uongo wangu umenikaa kooni. Ladu hatukuzila. Uliandika kwamba ziliwekwa mbele ya mungu wenu, na chakula cha namna hiyo dini yetu hairuhusu. Kukurudishia niliona haya, kwa mapenzi uliyoyatia. Nilizimwaga mtoni zote, zikazama papo hapo. Nisamehe, dada. Lakini mbona uliuliza sana? Mlikuwa na nini ndani?

Nduguyo,
Mwanasha

Garsen, 20 Januari 1957

Mwanasha,

Barua hii haitatoka sandukuni mwangu, lakini nisipoiandika nitapasuka.

Ndani mlikuwa na mkufu wa mama yangu, dhahabu tupu. Niliukata vipande saba, kila ladu na chake. Kwetu sadaka iliyo safi hutolewa kwa siri. Ukiitaja, umeshajilipa sifa. Ndivyo alivyonifundisha mama. Nikasema, na Shee naye hatakataa asichokijua.

Neno moja tu! Ningeliandika neno moja, mumeo angelikuwa hai. Niliogopa kuitia doa sadaka yangu, nikaitunza yeye akifa. Sasa najiuliza, nilikuwa nampa nani?

Kanku

Garsen, 20 Januari 1957

Mwanasha mdogo wangu,

Pole, pole sana. Nimelia tangu asubuhi, mzee Mathura kafunga duka kwa ajili ya Shee.

Habari ya ladu isikusumbue. Umeishika dini yako, hukunikosea kitu. Niliuliza kwa tamaa ya kusifiwa tu, sisi wapishi ndivyo tulivyo. Ndani hamkuwa na kitu, mpenzi. Unga, samli, sukari na iliki.

Ule mkebe usiutupe. Utie chumvi, ukufae jikoni.

Dadako,
Kanku